Chuma kinaoza ndani ya betoni, na sisi tuna haki ya kujua

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Bukavu, kwenye mazungumzo juu ya madaraja na baraji zetu



Tunajua kuna wenye waliuliza mlangoni: hawa nao, leo wanatuletea mambo ya simenti? Tumezoea kusimama juu ya maji, umeme, barabara na usalama. Ni kweli. Lakini maji yanapita ndani ya betoni, umeme unatoka kwenye betoni, barabara inavuka mto juu ya betoni. Tukidai umeme miaka yote na hatuulizi hata siku moja ule ukuta unaozuia maji uko na afya gani, tunadai nusu tu.

Tuanze na kitu kila mtu anakijua. Wale wenye familia Goma, ama upande wa Rusayo, waulizeni juu ya manjanja. Nyiragongo inatoa gesi za salfa mchana na usiku. Mvua inazikusanya njiani, inashuka na tindikali, na manjanja mapya yanaanza kutoboka mbele mtu amalize kulipa deni lake. Lakini manjanja iko na heshima moja: inakuonyesha ugonjwa wake. Inageuka nyekundu, unaiona, usiku tone la maji linakuamsha kitandani, asubuhi unatafuta franka. Chuma cha ndani ya betoni hakina heshima hiyo. Kinaoza kimya, na nje ukuta unabaki mweupe, hata rangi wamepaka mwaka jana.

Tueleze vizuri, juu hapa njo kuna siri yote.

Betoni peke yake inavumilia kubebeshwa uzito, lakini ukiivuta ama ukiipinda, inapasuka. Njo maana wanaweka chuma ndani: chuma kinashika pale betoni inashindwa. Na kwa bahati nzuri simenti mpya inakilinda. Wenye kusoma kemia wanapima ukali wa tindikali kwa namba inaitwa pH. Maji safi ni 7, ndimu iko karibu na 2, betoni mpya inapita 12, maana yake ni kinyume kabisa cha tindikali. Ndani ya hali hiyo chuma kinajifunika na ngozi nyembamba sana, jicho haliwezi kuiona, na kutu haianzi.

Sasa betoni iko na vitundu vidogo. Hewa inaingia, na ndani ya hewa kuna kaboni dioksaidi, ile tunatoa kwa pua na magari yanatoa kwa nyuma. Inakutana na chokaa ya simenti, inaigeuza kuwa kitu kama jiwe la chokaa, na ile namba ya 12 inashuka mpaka chini ya 9. Ikifika kwenye chuma, ile ngozi inakufa. Kukiwa na maji na hewa, kutu inaanza. Upande wa bahari, kule Moanda na Banana, kuna adui mwingine mwenye haraka zaidi, chumvi. Huku kwetu hatuna bahari. Tuko na hewa, tuko na mvua nyingi, na tuko na watu wanaoiba simenti kwenye shantie.

Kutu inachukua fasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 mpaka mara 6. Kwa hiyo inasukuma kutoka ndani. Betoni inapata ufa mrefu unaofuata chuma, alama ya rangi ya udongo inatokea, halafu vipande vinaanguka. Siku unaona ile alama kwenye nguzo, ugonjwa uko na miaka mingi tayari.

Kuna hesabu moja tunataka kila mtu aende nayo nyumbani. Ile kaboni haiendi kwa mwendo mmoja, inachoka kadiri inaingia ndani. Kama imechukua miaka 4 kuingia milimita 10, haitachukua miaka 8 kufika milimita 20. Itachukua 16. Milimita 40 itachukua miaka 64. Sasa geuzeni hesabu. Mkataba unasema chuma kikae milimita 40 ndani. Fundi, ama mkubwa wake, hakuweka vile vipande vidogo vya simenti vinavyoshikilia chuma mbali na mbao za kofraje, na chuma kikabaki kwenye milimita 20. Amekuibia sentimita 2, hata rula ya mtoto wa shule inaonyesha ni kidogo. Lakini hakukuibia nusu ya miaka, amekuibia robo tatu. Daraja la kulinda chuma chake miaka 64 litakilinda miaka 16. Na siku ya kukata utepe yote mawili yanafanana kabisa, wakubwa wanapiga picha, orkestra inapiga.

Kwa hiyo swali ni hili: tunaona vipi ndani?

Ziko njia za zamani. Mtu anavunja kipande, anamwagia dawa inaitwa fenolftaleini, na pale betoni bado nzima inageuka rangi ya zambarau inayokaribia waridi, pale imekufa haigeuki. Ama anafunga waya kwenye chuma cha ndani, anapitisha kifaa juu ya betoni na kupima volti. Ikishuka chini ya kasoro milivolti 350, mara nyingi kutu imeshaanza kazi. Njia hizi ni nzuri na hazina bei ya kutisha. Ubaya wake ni kwamba mtaalamu anapashwa kuja, na wakati mwingine unapashwa kuvunja ili ujue.

Njo hapa vinaingia vile vipima kutu tulisema kwenye tangazo. Havina waya wa kutoka nje, havina batri. Watu wengine walituandikia wakasema kitu kisicho na batri hakiwezi kuongea. Basi toeni pasipoti, wale wenye waliweza kuinunua. Ile ya biometriki, iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 185, muikumbuke hiyo bei. Ndani yake kuna chipi ndogo. Haina batri, na haitawahi kuwa nayo. Afisa wa mpaka akiisogeza kwenye mashine, mashine inatuma nguvu kidogo kwa hewa, chipi inaamka, inajibu, inalala tena. Kipima kutu kinafanya kazi kwa namna hiyo. Kimezikwa ndani ya betoni, kinalala miaka. Siku mtu anapita na kisomeo juu ya ukuta, kinaamka, kinajibu.

Kinajibu nini? Mu Chuo Kikuu cha Texas, mji wa Austin, kikundi cha Sharon Wood na Dean Neikirk kilitengeneza aina moja, na waliandika juu yake. Fikirini redio. Koili na kapasita vinafanya redio ikamate stesheni moja. Wao waliweka koili na kapasita ndani ya kifuko kisichoingiza maji, na wakafunga hapo waya mwembamba wa chuma, ule wa bei ndogo, wakaacha waya huo nje ya kifuko uguse betoni. Waya ukiwa mzima, kifaa kinajibu kwenye stesheni fulani. Kutu ikiukata, stesheni inahama. Ule waya ni kama mtu wa kwanza kwenye mstari: anaanguka mbele ya wengine, na ukisikia ameanguka unajua adui amefika pale. Ukiweka waya kwa milimita 10, mwingine kwa 20, mwingine kwa 30, unafuata safari ya kutu kuelekea chuma kikubwa, na bado uko na miaka ya kufanya kitu.

Vijana wanaotengeneza telefone pale Kadutu wanajua koili ni nini, na bei yake wanaijua kuliko sisi. Hatusemi watengeneze kesho na kuzika ndani ya daraja. Kuna kazi ya kukinga, kupima na kujaribu ambayo inaomba maabara ya chuo kikuu. Tunasema tu: mtu akija kutuambia hiki ni kitu cha nchi tajiri, kwamba kitahitaji mkopo, muulizeni ndani yake kuna nini. Ni waya. Ni koili. Kwenye bajeti ya daraja, bei yake haitaonekana.

Tuseme pia mipaka yake, juu hatutaki mtu atuuzie muujiza. Kisomeo kinapashwa kuwa karibu, sentimita chache ama makumi ya sentimita. Betoni yenye maji inameza ishara, na vyuma vyenyewe vinaisumbua. Kipima kutu kinajua fasi kilipozikwa. Mita tatu pembeni hakijui kitu. Hakisemi daraja litabeba kamio ya tani ngapi, kinasema tu kutu imefika hapa ama bado. Tena vizuri ni kukiweka wakati betoni bado maji maji, siku ya kumwaga. Kwa daraja la zamani unaweza kutoboa tundu na kukizika, lakini kazi inakuwa ngumu zaidi, na pale tundu limepita umeshafungulia hewa mlango. Kuna na aina za kuoza ambazo waya huu hauzikamati vizuri. Daraja la Carola, mu Dresden ya Ujerumani, lilianguka sehemu yake moja usiku wa tarehe 11 Septemba 2024, muda mfupi baada ya tramu kupita. Pale chuma cha kuvuta kilikuwa kinapasuka kutoka ndani yake, bila ile kutu nyekundu tunayoijua. Hakuna mtu alikufa, na ni saa ya usiku njo iliwaokoa.

Lakini mpaka mkubwa zaidi hauko kwenye kifaa.

Mutusikilize juu ya Genova, Italia. Daraja lililoitwa Morandi lilifunguliwa mwaka 1967. Kamba zake za chuma zilifunikwa na betoni, kila mtu akasema ni fundisho la ufundi. Mwaka 1979 Riccardo Morandi mwenyewe, aliyelichora, aliandika juu ya kutu na hewa mbaya ya fasi ile. Mwenye mtoto anasema mtoto anaumwa. Miaka ikapita. Mwaka 2017 wataalamu wa Politecnico di Milano waliangalia zile kamba, wakaona mambo hayaendi sawa, wakashauri kuweka vipimo vya kudumu. Kazi ya kuimarisha ilikuwa imepangwa ianze mwisho wa 2018. Tarehe 14 Agosti 2018, mvua inanyesha, watu wako njiani kuelekea likizo, daraja likaanguka. Watu 43 walikufa.

Kesi ilifunguliwa 2022, washitakiwa 59. Daraja jipya, lililofunguliwa mwezi wa nane 2020, limewekewa vipimo na maroboti ya kulikagua. Maana yake vipimo viliwezekana. Pesa ilikuwepo, elimu ilikuwepo, onyo lilikuwepo. Iliyokosekana ni karatasi hiyo kufika mbele ya mama anayevuka na watoto wake, ili aweze kusema: mimi leo sipiti hapa, na nyinyi mtanieleza.

Sasa turudi kwetu.

Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa. Baraji ya Ruzizi I inafanya kazi tangu miaka ya mwisho ya 1950, imezidi umri wa wazazi wa wengi humu ndani. Ruzizi II ni ya 1989, na inahesabiwa ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia SINELAC. Hatushtaki mtu. Hatusemi ukuta unaoza. Tunasema nyumba ya umri huo, hata ya mtu masikini, mwenyewe anaizunguka mara moja kwa mwaka akigonga kuta. Nani anagonga hizi? Ameandika nini? Iko wapi hiyo karatasi?

Na kuna Ruzizi III. Nchi tatu zimeizungumza miaka mingi, wanasema megawati 206. Kwa shabaha yetu ya leo, hii ni bora kuliko zote, juu betoni ambayo haijamwagwa ni betoni bado unaweza kuiomba kitu. Kipima kutu kinapashwa kuandikwa ndani ya mkataba, na kule kule kiandikwe nani atakwenda kusoma, kila baada ya muda gani, na matokeo yatabandikwa wapi. Bila hiyo sehemu ya mwisho, tutapata vifaa vizuri vya Ulaya vimezikwa kama wafu, na kisomeo kitakuwa ndani ya kabati ya mkubwa mmoja Kinshasa ambaye amepoteza ufunguo.

Tuliulizwa pia: mu nchi yenye vita, mnatuletea waya wa kutu? Swali ni la haki na linauma. Lakini muangalie wakati wa vita mtu anapitia wapi. Anapitia darajani. Chakula kinapitia darajani, mgonjwa anapitia darajani, ba mama wanaovuka na ndoo ya nyanya wanapitia darajani mara mbili kwa siku. Daraja lililoharibiwa na bomu tutamjua mwenye bomu. Daraja lililoliwa na kutu watasema ni Mungu, watasema ni mvua. Hatukubali kuzikwa na neno « mvua ».

Pesa? Tangu mwaka 2008 kuna FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Unajazwa na sehemu ya kila litri ya mafuta na kwenye peaje. Hata wewe usiye na pikipiki, unalipa: iko ndani ya bei ya taksi, iko ndani ya bei ya mihogo iliyokuja kwa kamio. Kutunza ni kazi yenyewe ya mfuko huo. Kugonga daraja na kusoma kipima ni kutunza. Na haki ya kujua imeandikwa: Katiba ya 2006, kifungu cha 24, kila mtu ana haki ya kupata habari. Afya ya daraja unalovuka ni habari.

Kwa hiyo tunaandika barua, kwa Office des Routes kwa madaraja ya barabara za taifa, kwa OVD kwa yale ya ndani ya mji, kwa SNEL na SINELAC kwa baraji. Tunaomba kitu kimoja kila fasi: karatasi ya ukaguzi wa mwisho, na tarehe yake. Na kwa kila kazi mpya ya betoni ya Leta, chuma kipimwe mbele ya kumwaga, vipima kutu viwekwe, masomo yake yawe wazi.

Wakati tunangoja majibu, na tunajua kungoja kwa hapa kwetu kuko na urefu gani, kila kartie ichague daraja lake moja. Mwende mchana, watatu watatu, na mtu wa kuangalia magari. Angalieni chini, pale mvua haioshi. Mnatafuta ufa mrefu unaofuata chuma, alama za rangi ya udongo, chuma kilichobaki uchi. Gongeni na mpini wa nyundo, pole pole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa: betoni nzima inalia juu, betoni iliyoachana na chuma inalia kama ngoma tupu. Pigeni picha, wekeni sarafu karibu na ufa ili ukubwa uonekane, andikeni tarehe. Msivunje hata kipande kidogo, hata kama fasi inaonekana imekufa. Hiyo ni mali yetu, na tena hatutaki kuwapa sababu ya kuwakamata. Polisi akiwauliza mnafanya nini, jibuni kweli: tunaangalia daraja letu.

Mwezi ujao, siku kama hii, mfike na picha zile zile za fasi zile zile, ili tuone kama ufa umetembea. Wenzetu wawili wanaosoma ujenzi wamekubali kuziangalia pamoja nasi. Daftari ya kuandika majina ya madaraja iko pale mlangoni, na bado kuna kartie saba ambazo hazijachagua.